Sumaku mfukoni: nilichojifunza kwenye nyumba za chuma za Ohio

Mteja mmoja aliingia gereji tunakofanya kazi, hapa Columbus, Ohio, amekumbatia bati la mraba, futi mbili kwa mbili, rangi ya manjano. Pembeni lilikuwa limebanduka mahali pa ukubwa wa sarafu, na kutu ilikuwa imeanza kutambaa kuelekea katikati. Alitaka kujua kama tunaweza kuliziba. Nililigonga kwa kucha. Mtu aliyejifunza kunyoosha bodi za magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, hahitaji mashine ya kupima rangi, mlio unatosha. Rangi ya gari ina sauti butu. Hili lililia kama kikombe cha bati tulichonywea uji shuleni. Nikamwambia hiyo si rangi, ni enameli, na oveni yetu haina hata nusu ya moto uliotengeneza kitu hicho. Akacheka. "Huo ni ukuta wa nyumba yangu," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kikundi cha watu wanaojitolea kurekodi nyumba za Lustron, yaani nyumba za chuma zilizotengenezwa na kampuni ya jina hilo. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, wanafunzi wa usanifu majengo, mkutubi mmoja, na wenye nyumba wenyewe kadhaa. Walijua historia kuliko nitakavyowahi kuijua. Ila hakuna kati yao aliyewahi kuishika bati kama kazi. Mteja wangu alinialika siku ya mapumziko, nikaenda kwa udadisi tu, na mpaka leo sijatoka.

Niwaeleze nyumba zenyewe, kwa sababu ukiniambia "nyumba ya bati" mimi naona banda. Hizi si banda. Zilitengenezwa hapa hapa mjini, kando ya uwanja wa ndege, katika kiwanda kikubwa kilichokuwa cha ndege za Curtiss-Wright wakati wa vita. Fremu ni chuma, kuta za nje chuma, kuta za ndani chuma, dari chuma, vigae vya paa chuma, makabati na rafu za vitabu chuma. Juu ya bati kuna enameli, yaani unga wa kioo ulioyeyushwa kwa joto la nyuzi 800 hivi mpaka ukashikamana nalo. Haichujuki kwa jua, hailiwi na mchwa, haihitaji kupakwa rangi. Ukitaka kuisafisha unachukua maji na sabuni. Rangi za nje zilikuwa chache: buluu ya bahari, kijivu cha njiwa, manjano ya mahindi, hudhurungi ya jangwa. Ndani karibu kila kitu ni kijivu.

Aliyeziwaza ni Carl Strandlund, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya enameli ya Chicago. Mwaka 1946 alikwenda Washington kuomba kibali cha chuma cha kujengea vituo vya mafuta. Akaambiwa chuma ni cha nyumba, kwa kuwa maelfu kwa maelfu ya wanajeshi wamerudi kutoka vitani na hawana pa kukaa. Basi akageuza mpango: kama chuma ni cha nyumba, atajenga nyumba. Kuna watu wanamwona tapeli na kuna wanaomwona shujaa aliyeonewa. Mimi namwona fundi aliyesoma dirisha la ofisi limeandikwa nini.

Shirika la serikali la mikopo, lililojulikana kwa herufi RFC, lilimkopesha kwa awamu zaidi ya dola milioni 37. Nyumba moja ilikuwa na vipande zaidi ya 3,000. Vyote vilipakiwa kwenye trela moja iliyoundwa maalumu, tena kwa mpangilio wa kinyume, ili kipande kitakachohitajika kwanza kishuke kwanza. Lengo lilikuwa nyumba 100 kwa siku. Kiwanda hakikuwahi kukaribia idadi hiyo. Miji mingi ilikuwa na sheria za ujenzi zilizotaja mbao na matofali tu, benki zilisita kutoa mkopo kwa nyumba ya mtindo usiojulikana, na bei iliyotarajiwa kuwa dola 7,000 ikapanda hadi karibu 10,000 bila kiwanja. Kati ya 1948 na 1950 zilitoka nyumba kama 2,500, zikatawanyika katika majimbo zaidi ya 30. Kisha serikali ikadai fedha zake, kampuni ikafilisika, na North American Aviation wakaingia kwenye jengo kutengeneza ndege. Kuna hata kipande cha siasa humo: Seneta Joseph McCarthy, yule yule wa kusaka wakomunisti, alilipwa na Lustron dola 10,000 kwa kijitabu kuhusu makazi.

Nilipoisikia hadithi hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu ni miaka ile ile ambayo Waingereza walikuwa wakizika pauni milioni 36 hivi kwenye mradi wa karanga kule Kongwa na Nachingwea. Vita vimekwisha, serikali ina haraka, mitambo ya kijeshi haina kazi, na kila mkubwa anaamini kwamba ukifanya kitu kwa wingi wa kutisha bei itashuka yenyewe. Kwetu ilibaki bandari ya Mtwara. Huku zilibaki nyumba.

Sasa kazi. Swali la kwanza nililowauliza wenzangu lilikuwa la kigereji: kwa nini tupime nyumba ambayo kiwanda kiliitolea mwongozo? Maana mwongozo wa kujengea upo, nakala zake zinazunguka mikononi mwa wapenzi wa nyumba hizi, na kila kipande kina namba yake. Nyumba za aina moja zilitoka pacha. Ukishapima moja ya vyumba viwili aina ya Westchester, umezipima zote. Mwalimu mstaafu akanijibu kwa swali: "Wewe gari la mteja unalitengeneza kwa kuangalia kitabu cha kiwanda?" Nikanyamaza. Kitabu kinakuonyesha gari lilivyotakiwa kuwa. Gari lililo mbele yako limegongwa ubavuni mwaka fulani, likazibwa mabonde kwa puti na fundi asiye na haraka ya kwenda peponi, likabadilishwa taa na kufungwa bampa la gari jingine. Ni historia hiyo ndiyo inayokueleza ufanye nini.

Tangu hapo nimeiona kazi yetu yote kwa jicho hilo. Hatuandiki kwamba nyumba ina dirisha lililotokeza nje sebuleni. Kila Westchester ya kifahari inalo. Tunaandika kwamba dirisha la chumba cha pili si la alumini ya awali, kwamba mlango wa kusukuma wa chooni, ule unaoingia ndani ya ukuta, umekwama na ukafungwa moja kwa moja, kwamba mtu alikata dari kupitisha bomba jipya la hewa ya moto. Tunatafuta mahali ambapo pacha wameacha kufanana.

Kifaa changu cha kwanza ni sumaku ndogo ambayo tayari nilikuwa nayo mfukoni. Gereji tunaitumia kujua kama bodi ya gari imejazwa puti: penye bati tupu inang'ang'ania, penye puti nene inateleza na kuanguka. Kwenye ukuta wa Lustron inafanya kazi ile ile. Kuna nyumba tuliyoifikia ambayo kwa macho ilikuwa safi, buluu nzuri kutoka kona hadi kona. Nilipopitisha sumaku upande wa gereji ilidondoka mara tatu kwenye mstari mmoja wa chini. Hapo palikuwa pamegongwa na gari wakati fulani, pakajazwa, pakapakwa rangi na mtu aliyejua sana kulinganisha rangi. Mwenye nyumba wa sasa hakuwa na habari. Yeye aliinunua ikiwa hivyo.

Sumaku haitoshi, lakini. Bati la enameli lililopakwa rangi juu bado linaivuta. Hapo unatumia macho kama tunavyotazama gari baada ya kulipiga rangi: unasimama karibu na ukuta, unalaza jicho kando yake na kufuata mwanga unavyotembea. Enameli ya kiwandani ina mng'ao wa kiasi unaolingana toka bati hadi bati. Rangi ya juu ina mistari ya brashi, au ina vumbi lililoganda, au mwanga wake unapinda kidogo kwenye kiungo. Halafu unaangalia mahali ambapo mpakaji rangi huwa mvivu kufika: nyuma ya bomba la kushushia maji ya mvua, chini ya ukingo wa baraza, nyuma ya kibao cha namba ya nyumba. Rangi ya kwanza hujificha huko. Kuchokonoa kwa kisu hapana, hata kama mwenye nyumba amekuruhusu. Enameli ni kioo. Ukiidonoa pembeni inapasuka, na pale ilipopasuka kutu ina mlango.

Kutu yenyewe nilikuwa nimeitarajia vibaya. Niliamini nitakuta kuta zimeliwa kama magari ya hapa yanavyoliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kipindi cha theluji. Kuta nyingi ni nzima kabisa. Panapooza ni pale mtu alipotoboa: alipofunga kamba ya kuanikia, alipopitisha waya wa televisheni, alipopigilia taa ya baraza. Na mstari wa mabati ya chini kabisa, hasa kando ya njia ya gari, pale koleo la theluji linapogonga kila mwaka. Kwa hiyo kwenye fomu yetu kuna mchoro wa kila ukuta wenye miraba yake, na kila tundu linawekewa alama. Kazi hiyo inachosha, na wanafunzi huichukia. Lakini ukirudi baada ya miaka, mchoro huo ndio utakaokuambia kama nyumba inazeeka au inauawa.

Kupiga picha nako kuna mambo yake. Ukuta unaong'aa unakupiga picha wewe. Picha zangu za mwanzo zilikuwa na mimi ndani, na gari la mwenzangu, na mti wa jirani. Siku za mawingu ndizo siku zetu. Jua kali tunaliachia kwa jambo moja tu, kuonyesha mabonde: mwanga wa jioni ukipita ubavuni, kila bonde linatoa kivuli. Tunapiga pembe zote nne kwanza, halafu kila upande ukiwa umenyooka, halafu vitu vidogo vinavyoitambulisha nyumba. Kwa Lustron kitu hicho ni nguzo ya baraza: bomba la maji ya mvua limeshikanishwa nayo kwa vyuma vya zigizaga. Ukiona zigizaga hiyo kutoka barabarani, umepata Lustron, hata kama mtu ameifunika nyumba nzima kwa plastiki ya kuigiza mbao.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho hakuna fomu inayokifundisha, nacho ni mlango.

Mimi ni mtu mweusi, nina lafudhi, nina kamera, na nasimama mbele ya nyumba ya mtu nikichora kwenye karatasi. Sheria ya hapa inaruhusu kupiga picha ukiwa barabarani, na wenzangu wazungu walikuwa wakifanya hivyo bila kuwaza. Mara ya kwanza nilipofanya peke yangu, pazia la nyumba ya jirani lilisogea, na baada ya dakika chache mzee akatoka kuniuliza nimepotea wapi. Alikuwa na adabu, lakini swali lenyewe nililielewa. Tulilizungumza kwenye kikundi bila kupambana na bila kufichana. Tukakubaliana kwamba hakuna anayekwenda peke yake, mimi wala wao, na kwamba barua inatangulia: nani tunakuja, tunataka nini, picha zitatunzwa wapi, na namna ya kutukatalia. Kwetu hodi unaipiga mlangoni na jibu unalipata hapo hapo. Huku nimejifunza kuipiga wiki mbili kabla, kwa posta. Na wanaokataa, wanakataa. Tunarekodi kinachoonekana kutoka barabarani na kuwaacha kwa amani.

Barua hizo zilileta faida ambayo hatukuiwaza. Watu walikuwa wakitusubiri. Mtu aliyepata siku kadhaa za kufikiri hukutana nawe na sanduku la karatasi: risiti, picha za familia zilizopigwa barazani, hati ya mnunuzi wa kwanza. Bibi mmoja mjane alikuwa ametuandalia meza nzima. Aliishi humo tangu alipoolewa. Alitueleza jinsi joto lilivyokuwa likitoka darini, kwa sababu Lustron zilipashwa kwa hewa ya moto iliyosukumwa juu ya mabati ya dari ili dari yenyewe iwe moto. "Kichwa kilikuwa Florida, miguu Kanada," alisema, na sote tukaangalia sakafu yake ya zege. Alikuwa na mazulia matatu yaliyopandana. Mimi ningemwandika hivyo kwenye fomu, mazulia matatu, maana yanaeleza mfumo wa joto kuliko mchoro wowote.

Bibi huyo pia alijua jambo ambalo wanafunzi walikuwa wamelisoma tu: mashine iliyokuwa jikoni ilifua nguo na kuosha vyombo, kwa kubadilisha pipa la ndani. Ya kwake iliondolewa zamani. Nilimuuliza ilikuwaje. Akanitazama kwa muda, halafu akasema, "Mwanangu, wewe ungeweza kula kwenye sahani iliyotoka pale ziliposafishiwa nepi?"

Nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kupanga, upande wa Whitehall, mji mdogo uliopakana na uwanja wa ndege. Mwenzangu alisoma jina kwenye jibu la barua akaniomba niende naye. Mlango ukafunguliwa na mama wa Kikongo, ametokea Uvira, na kabla sijamaliza salamu zangu za Kiingereza alikwishasikia ninakotoka. "Karibu, papa. Wewe ni mu-Tanzania?" Tukaanza upya, kwa Kiswahili, na mwenzangu akabaki na tepu mkononi.

Mama huyo hakuwa na habari za Strandlund wala za RFC. Alikuwa na habari za nyumba. "Papa, hii nyumba iko chuma tupu," aliniambia. "Nilinunua misumari, yote ikajikunja." Picha za watoto wake, za harusi, za marehemu baba yake, zote zilikuwa ukutani kwa sumaku, zimepangwa sawa kama ofisini. Simu alikuwa anaipigia dirishani, kwa kuwa katikati ya nyumba mtandao unakufa. Kuta za chuma hazina huruma na mawimbi. Watoto walijua hatua ngapi kutoka mezani hadi kwenye mtandao. Na tulipomwambia tunatafuta kibao kidogo cha chuma chenye aina ya nyumba na namba yake, kibao ambacho kawaida huwa kwenye chumba cha tanuri la joto na ambacho mwenye nyumba alikuwa ametuhakikishia hakipo, alitupeleka moja kwa moja. Kilikuwa nyuma ya mashine ya kufulia, chini ya tabaka la rangi nyeupe. Alikuwa amekiona siku alipohamia, aliposogeza kila kitu kusugua sakafu.

Kutoka siku hiyo swali la kwanza tunaloliuliza katika nyumba yoyote ni nani anayesafisha. Huyo ndiye anayejua maji yanaingilia wapi, bati gani linatoa jasho wakati wa baridi, rafu gani imelegea. Mwenye hati ya nyumba anajua aliinunua kwa bei gani.

Kulikuwa na mjadala kama picha zake za ukutani ziingie kwenye rekodi. Kwa mtu wa historia ya majengo, picha zilizoshikiliwa kwa sumaku kwenye ukuta wa Lustron ni dhahabu. Ndivyo watu walivyoishi humo tangu mwanzo. Lakini zile ni sura za watu, wengine wakimbizi, na rekodi hizi zinakaa maktaba ambako yeyote anaweza kuziona. Nilimuuliza mama mwenyewe kwa lugha anayoielewa vizuri, siyo kwa kumpa karatasi asaini. Alikubali ukuta upigwe, picha zikiwa zimegeuzwa nyuma. Kwa hiyo ipo picha moja kwenye kumbukumbu zetu inayoonyesha ukuta wa kijivu wenye mistatili meupe na vidoa vyeusi vya sumaku, na maelezo mafupi chini yake. Naiona bora kuliko zote tulizopiga.

Watu huniuliza rekodi hizi zinafanya nini hasa. Jibu la kweli ni dogo kuliko wanavyotaka. Marekani ina Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, na kwa kawaida jengo linatakiwa liwe na umri wa miaka 50 ndipo lifikiriwe. Lustron zilivuka umri huo mwishoni mwa miaka ya 1990. Majimbo kama Kansas, Alabama, Georgia, New Jersey na South Dakota yaliandaa maelezo ya pamoja ya Lustron zao, ili kila nyumba isianze kuelezea historia nzima upya, na hapo ndipo rekodi za watu wa kujitolea zinapotumika moja kwa moja. Lakini kuorodheshwa hakumzuii mwenye nyumba kuivunja kwa fedha zake mwenyewe. Wengi hawalijui hilo. Wanadhani kibao cha shaba ukutani ni ngao.

Mfano mbaya kuliko yote uko Virginia, kwenye kambi ya wanamaji ya Quantico. Ilikuwa na takriban Lustron 60, mkusanyiko ambao hakuna mahali pengine ungeuona, familia za askari zikikaa humo miaka mingi. Kambi ilipohitaji nyumba mpya, katika miaka ya 2000, zikatangazwa bure kwa yeyote atakayekuja kuzifungua na kuzibeba. Bure! Na bado waliojitokeza walikuwa wachache mno, nyingi zikavunjwa. Nilipoanza nilishindwa kuelewa. Baada ya kushiriki kufungua nyumba moja nikaelewa vizuri. Vipande zaidi ya 3,000, tani zaidi ya kumi, kila bati likiwa limebanana na jirani yake juu ya mkanda wa plastiki uliokauka, na ukikosea mpangilio unapasua enameli. Kazi ya bure ni ghali. Unahitaji lori, ghala, wiki za watu, na kiwanja mwishoni.

Kwa hiyo kinachoua nyumba hizi siyo kutu. Ni kiwanja. Nyumba ni ndogo, mara nyingi vyumba viwili, chini ya futi za mraba 1,100, na imekaa katikati ya ardhi ambayo leo mtu anaweza kujenga ya ghorofa mbili. Bati liko vile vile lilivyotoka kiwandani, lakini bei ya udongo chini yake imebadilika.

Nyumba inayokufa huziponya nyingine, walau. Hakuna duka la vipuri vya Lustron. Kiwanda kilikufa 1950. Bati la yule mteja wangu la manjano hatukuliziba kwa rangi. Mwenzetu mmoja alikuwa na mabati ya manjano kutoka nyumba iliyovunjwa, yamelala kwenye ghala lake, na fomu ya nyumba ile ilikuwa imeandika kila bati lilitoka ukuta gani. Tukapata lenye upana na matundu yale yale. Lilikaa. Sijawahi kupata bodi ya gari ya miaka 70 inayokaa mara ya kwanza bila nyundo.

Na hapo ndipo kikundi chetu kimegawanyika hadi sasa. Kuna nyumba moja iliyofunguliwa kwa uangalifu, ikabebwa kutoka kaunti nyingine na kusimamishwa upya, ikiwa na mabati kadhaa ya nyumba ya pili. Rejista ya Taifa kwa kawaida haipokei jengo lililohamishwa, isipokuwa kwa sababu maalumu, kwa hoja kwamba mahali ni sehemu ya historia. Mkutubi anashikilia hoja hiyo. Kwake nyumba ni pamoja na barabara yake, mti wake, majirani zake. Ukiibeba umebeba chuma tu. Wanafunzi nao wanasema mabati ya kuazima yameiharibu asili yake.

Mimi nawaambia waangalie trela. Hii ni nyumba ambayo ilizaliwa ikiwa vipande 3,000 juu ya magurudumu, na asiyejua itashukia wapi ni aliyeitengeneza. Kuhama hakuko nje ya historia yake. Na bati la kuazima limetoka kiwanda kile kile, likapita moto ule ule. Kama mwaka 1949 wafanyakazi wangelidondosha lile la kwanza kwenye sakafu, hilo la kuazima ndilo ambalo lingefungwa badala yake. Nimependekeza tuandike kila kitu waziwazi: lipi limetoka wapi, nani alilifunga, mwaka gani, kisha waamue wanaoamua. Mkutubi ameniambia kwamba nabishana kama muuza vipuri. Nimemjibu kwamba hajakosea, na kwamba Jumamosi ijayo tunahitaji mtu wa kushika ngazi wakati naweka alama kwenye mabati ya upande wa kaskazini.